Kabla Mikokoni Haijafungwa

Jumanne, 1 Julai

Nimeswali alasiri, nimekunywa chai, nimekwenda dukani kwa Tumu. Kama jana. Kama juzi.

Bi Zuhura hajaandika.

Nimepitia picha zote za tovuti yetu ya Mikokoni, moja moja, nikamaliza kwenye ile ninayoanzia kila siku: wanawake wanatwanga mpunga mbele ya dungu la kulindia mpunga, yeye wa pili kutoka kushoto, khanga kaifunga kiunoni, mchi uko hewani. Chini ya picha hiyo ndipo anaponitukania. Maneno yake ya mwisho ni ya kabla ya mfungo: "Mtani, nasikia meno yamekwisha. Sasa utamng'ata nani?" Nikamjibu siku ile ile. Nikakaa kungoja. Mfungo ukaja, Idi ikapita, mpunga umekomaa na umevunwa. Kimya.

Nimefuta ugomvi wa watu wawili, mmoja yuko Mbagala, mwingine Kilwa, wanagombea mpaka wa shamba. Shamba lenyewe mto umelila. Wao bado wamo kwenye mpaka.

Mie ndiye mlinzi wa tovuti. Tumu kanipa cheo hicho kwa sababu, kasema, mwizi ndiye anayeujua mlango wa nyuma. Shule nimeishia darasa la nne, lakini matusi nayatambua hata yakija yamevaa kanzu.

Nimetoka dukani na njaa. Si ya chakula.

Jumatano, 2 Julai

Hajaandika. Nimekula muhogo. Muhogo mchungu, au mdomo wangu.

Ijumaa, 4 Julai

Nimetoka msikitini sijavaa viatu sawasawa, Tumu ananiita. Kampuni ya Dar inayotuhifadhia tovuti inafunga biashara. Wametuma ujumbe: mwisho wa mwezi huu mitambo inazimwa, kila mtu aondoe mali yake.

Nikacheka. Mikokoni inafukuzwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilifukuzwa na mto, na mto haukutuma ujumbe.

Kisha sikucheka.

Mikokoni kilikuwa kitongoji chetu, upande wa Mbwera. Mto ulikikata kidogo kidogo, kama mtu anayekula mkate huku akidai hana njaa. Ulianza na choo cha mzee mmoja, tukamcheka. Kikaja chuo cha Kurani. Ikaja minazi. Yalipofika makaburi hakuna aliyecheka. Watu wakatawanyika: wengine Kibiti hapa, wengine Mbagala, Mafia, Kilwa. Mama yake Tumu kazaliwa huko. Tumu kasomea mambo ya kompyuta, ana duka la stesheneri karibu na stendi, basi akaijenga tovuti ili watu waweke picha zao za zamani. Alidhani watatazama picha. Walikuja kuzungumza. Na Bi Zuhura kaja, kutoka Mafia, kwa vidole vya mjukuu wake.

Bi Zuhura ni Mmatumbi. Wazee wake walishuka milimani kuja kulima mpunga kwetu, wakaogopa maji mpaka wakafa. Mie Mndengereko. Sisi ni watani: ana haki ya kunitukana, na mie sina haki ya kununa. Nilimposa. Mjomba wangu aliyepeleka posa alikwama kwenye matope maji yalipokupwa, akafika kesho yake. Mposaji kutoka Kilwa alikuwa ameshafika, akapewa yeye.

Ndiyo hivyo. Nikaoa kwingine, nikazaa, nimezika mke mwema, Mungu amrehemu. Simsemi vibaya. Lakini marehemu hakuwahi kunitukana hata siku moja.

Jumamosi, 5 Julai

Tumu kanisomesha. Tumbo lake limefika mezani kabla yake, mtoto wa tatu huyo, anahema kwa kila sentensi. Kasema tovuti ina ghala mbili. Ghala ya kwanza ni mafaili: picha, sauti, sura yote ya nyumba. Ghala ya pili anaiita databesi. Humo yamo maneno ya watu, majina yao, nani kaandika lini, na lipi linakaa chini ya picha ipi. Ukiondoka na mafaili peke yake una lundo la picha zenye namba badala ya majina, watu mabubu. Ukiondoka na databesi peke yake una kelele zisizo na nyuso. Wengi, kasema, huchukua mafaili wakafunga mlango, wakidhani wamehama na kila kitu.

Nikamwuliza maneno ya mtu fulani yamo ghala gani.

"Fulani nani, Babu?"

Fulani tu.

Kacheka mpaka kalishika tumbo. Yamo databesi, kasema, yote, mpaka lile la chura.

Lile la chura ni Bi Zuhura aliposema naandika kama chura anayeruka juu ya vibao vya herufi, ikimponyoka moja anarudi kuitafuta majini.

Nimerudi nyumbani nikafikiri, kwa nini nisiyanakili kwa mkono? Kalamu ninayo. Nimeandika moja, nikaacha. Maneno ya mtu hukusanywa na wenzake akishakufa. Bi Zuhura hajafa. Hajaandika tu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Duka halina watu. Tumu kafanya kazi yenyewe ya kunakili, anaiita bakapu. Kutwa nzima. Mtandao unakwenda kama mkwe anayetumwa kuni. Picha zimeshuka, databesi imeshuka, kazitia zote mbili kwenye flashi, kisha flashi nyingine ya pili, kama nilivyomwagiza.

Kwetu mbegu hailali nyumba moja. Ukishavuna, masuke mazuri unayatenga. Nusu unaitundika uchagani, juu ya mafiga, moshi uifukuzie fukusi. Nusu unampa ndugu anayekaa nchi ya juu, kwa maana maji ya huku hayabishi hodi. Nyumba ikiondoka, mbegu ipo kwa ndugu. Ndivyo tulivyoishi na mto ule bila kufa njaa.

Na mbegu hailali dukani. Cha dukani kinauzwa.

Kwa hiyo nikamwambia Tumu afute ile nakala iliyobaki ndani ya kompyuta yake. Kakataa. "Babu, iache, haili ugali." Nikashikilia. Kompyuta ile kila mpita njia anachomeka kidude chake, wanafunzi wanachapa kazi zao pale. Sitaki mtoto wa kidato cha pili asome jinsi nilivyoitwa chura. Tumebishana. Kachoka, miguu imemvimba, kafuta.

Nimeshinda ubishi. Nimetembea kurudi nyumbani kama bwana harusi, flashi mbili mfukoni.

Jumanne, 8 Julai

Ya kwanza nimeiviringisha kitambaani, nikaifunga katikati ya shada la mpunga wa mbegu, nikaitundika uchagani. Binti yangu Sikudhani kanikuta natundika.

"Baba, hicho nacho kinataka moshi?"

Nikamwambia fukusi hajui kusoma, hatajua kipi mpunga kipi si mpunga.

Ya pili kaondoka nayo dada yangu Mwanaisha. Alikuja Kibiti kununua vitenge, leo kapanda gari la kurudi kwake Ngarambe. Huko ni juu, hata mafuriko ya Nabii Nuhu yangefika yakiwa yamechoka. Nimemwambia aiweke panapowekwa mbegu. Kasema haya, Kaka.

Nimelala kama mtu mwenye ghala mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Tumu kaenda Ikwiriri kujifungulia kwa mama yake. Duka kamwachia mumewe Shamte. Shamte ni mtu mwema, anajua kitufe kimoja cha mashine ya fotokopi, nacho anakibonyeza kwa bismillahi. Kanifungulia tovuti kwa kunifuata nyuma ya bega: hapa Mzee? hapa?

Hajaandika.

Nimepiga ile namba ya mjukuu wake wa Mafia. Haipatikani. Nimepiga tena jioni, labda asubuhi ilikuwa na usingizi. Haipatikani.

Nina hamu ya kutukanwa. Sikujua hamu hiyo ipo duniani. Mtu huona hamu ya samaki, ya mke, ya nyumbani. Mie nataka mtu mmoja aniambie nina kichwa kama nazi iliyokosa kuangukia mtu.

Jumatatu, 14 Julai

Hajaandika. Mtu wa Mbagala kaweka picha ya kisima cha Mikokoni. Nimekitambua kwa lile jiwe tulilokuwa tunanolea visu. Chini yake watu wanaulizana nani alikichimba. Mie najua. Sikusema. Nilikuwa namngoja yeye anisute kwanza kwamba sikushika hata jembe.

Jumatano, 16 Julai

Leo hitima ya marehemu mke wangu. Sikudhani kapika pilau la watu wengi. Hakuandaa mafiga ya nje, upepo ulikuwa mkali, kapikia jikoni. Kuni za mkoko. Kuni za mkoko haziungui, zinaghadhibika.

Tulikuwa tunasoma Yasini ukumbini niliposikia harufu. Nikaijua. Sijui niliijuaje, lakini niliijua. Nikasoma aya mbili nikiwa na mwili tu, roho iko jikoni.

Shada limebabuka. Kitambaa kimeshikana na flashi kama sukari guru. Nimeikwangua kwa kisu. Imetoka sura ya kitu kilichotafunwa kikatemwa.

Sikudhani kalia. Nikamwambia usilie, kosa si lako. Kisha nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba nikacheka, kicheko kibaya. Mke wangu, Mungu amrehemu, miaka yote ile hakuwahi kusema neno juu ya Bi Zuhura. Leo kasema.

Ipo ya Ngarambe.

Ijumaa, 18 Julai

Haipo ya Ngarambe.

Nimempigia Mwanaisha. Nikamsikia kabla hajasema, kaswida zinalia nyuma yake kwa sauti kubwa. Kasema, "Kaka, ile flashi nzuri mno! Ilikuwa na mapicha na takataka ambazo redio haizisomi. Nimempa jirani kaisafisha, katia kaswida. Sikiliza!" Kaweka simu kwenye redio. Nimesikiliza. Zinalia vizuri, sitasema uongo.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kosa gani? Mbegu iliyowekwa kwa ndugu, ndugu akipungukiwa anapanda. Ndiyo mila yenyewe. Dada yangu kapanda.

Nimempigia Tumu Ikwiriri. Nikamweleza yote, la jikoni na la redio. Kasema polepole, kama mtu anayesoma hukumu, "Babu. Nilikwambia haili ugali."

Nimesema nisamehe.

Kasema mali bado ipo Dar mpaka mwisho wa mwezi, inachukulika upya. Lakini yeye hawezi kutoka, siku zake zimefika, na kompyuta ni ya hapa Kibiti. "Utafanya mwenyewe. Nitakuongoza kwa simu."

Mie. Na Shamte.

Jumapili, 20 Julai

Tumejaribu. Tumu simu imezimwa, nadhani uchungu umemshika. Tukaingia wenyewe. Shamte kabonyeza mahali, mashine ya kuchapa ikaamka ikatema karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine, mpaka nikaichomoa ukutani. Tumetazamana kama wezi.

Nimeogopa. Siandiki kwa mzaha. Kule Mikokoni mtu alikuwa anapanga jamvi lake mbali na ukingo, asubuhi anakuta ukingo umemfuata. Leo nimeamka hivyo.

Hajaandika.

Jumanne, 22 Julai

Tumu kajifungua salama. Mtoto wa kike. Nimempigia mama yake Tumu kutoa pongezi, nikapendekeza mtoto aitwe Bakapu. Kanikatia simu. Mtu wa Mikokoni yule, kakaa Ikwiriri mpaka kasahau utani.

Ijumaa, 25 Julai

Tumefanya.

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu duka lilipofunguliwa, simu nimeilaza mezani, Tumu anasema kutoka kitandani Ikwiriri, mtoto analia, bibi yake anamwambia Tumu aachane na upuuzi anyonyeshe. Shamte kasimama mlangoni anawaambia wateja fotokopi leo hakuna, kuna shughuli. Mmoja kauliza msiba wa nani.

Maandishi yote Kizungu. Nimemsomea Tumu herufi moja moja. Ananiambia, "Sasa Babu tafuta neno linaloanza na B." Nikamwambia hapa kila kitu kinaanza na B. Kasema teremka. Nikateremka. Nikakosea, nikarudi. Kidole kimoja, yule chura.

Mafaili yamechukua asubuhi yote. Kamstari kanatambaa kenyewe. Umeme ulikatika mara moja, mstari ukaanza upya, na mie nikamtaja Mungu kwa namna ambayo itabidi nitubu.

Kisha databesi. Nimejifunga kibwebwe, nimemwambia Shamte alete chai, hii itakwenda mpaka magharibi. Nimebonyeza. Imekwisha. Chai haijaletwa.

Nikamwambia Tumu imekataa. Kasema soma ukubwa wake. Nimesoma. Kasema ndiyo, Babu, ni hiyo, nzima.

Nzima! Maneno yote ya Mikokoni, magomvi yote, salamu za Idi zote, rambirambi, nani alichimba kisima, matusi yote ya Bi Zuhura na majibu yangu yote, ni mepesi kuliko picha moja ya jahazi bovu. Nimeishika flashi kiganjani nikaipima kama mtu anayepima dhahabu. Sikusikia kitu. Kumbe nimekonda bure mwaka huu kwa kitu kisicho na uzito.

Mwisho Tumu kasema jambo moja. Nakala inajua mpaka dakika ilipochukuliwa. Atakayeandika baada ya hapo, neno lake litabaki kule kule na litazimwa nako. Kwa hiyo mlango wa kuandikia ufungwe sasa hivi, watu wasipoteze maneno yao. Kanionyesha kitufe.

"Umefunga, Babu?"

Nimesema nimefunga.

Sikufunga.

Jumamosi, 26 Julai

Nakala moja imo kwenye kompyuta ya duka. Wanafunzi na wasome, wafurahi. Moja nimempa kondakta wa basi la Ikwiriri ampelekee Tumu. Moja iko kwangu ndani ya kopo la tende, chini ya kitanda, mbali na jiko.

Tumu kasema nakala ambayo haijafunguliwa si nakala, ni matumaini. Hilo nalielewa. Hata mbegu unatia kiganja kimoja kwenye kitambaa chenye maji, ukaona inachipua, ndipo unapoamini debe zima. Atajaribu kuipanda mahali papya, kwa kampuni nyingine.

Mlango bado wazi. Nimekwenda kuchungulia mara kadhaa. Shamte anadhani nakagua.

Hajaandika.

Jumatatu, 28 Julai

Yule wa Kilwa, mgomvi wa mpaka, kaandika salamu. Bure tu, zitazimwa nako kule. Ni dhambi yangu. Nimezikariri, nitamwandikia upya kwenye mpya kwa jina lake.

Moyo wangu mwizi. Unaacha nyumba ya watu wazi kwa ajili ya mgeni mmoja.

Jumanne, 29 Julai

Imechipua.

Tumu kapiga simu, Shamte kaandika anwani mpya, nikafungua. Mikokoni yote iko hapo, kila mtu mahali pake. Wanawake wanatwanga, mchi uko hewani. Chini yake, meno yamekwisha. Chini yake, jibu langu. Chini ya jibu langu, weupe.

Nimelia. Shamte kanipa karatasi ya kufutia, ya kuchapia, ile ngumu. Inakwaruza.

Yote yapo. Nilidhani yakiwepo yote nitashiba. Ni kama kuhesabu vyombo vya mtu aliyesafiri. Vyote vipo, mwenyewe hayupo.

Alhamisi, 31 Julai

Siku ya mwisho ya ile ya zamani. Nimekwenda baada ya alasiri kuiaga. Sikutarajia kitu, nasema kweli. Nilikwenda kama tulivyokwenda kutazama ukingo jioni ya kuhama, mikono nyuma.

Chini ya jibu langu, maneno. Ya jana.

"Athumani. Nimerudi Mbwera kwa mwanangu Saidi, ile nyumba ya karibu na gati. Yule mjukuu wangu kaolewa kaondoka na simu, ndiyo maana. Huku naandikiwa na mkaza mwanangu na ana haraka, anapika. Macho yangu yamekwisha, ulimi upo. Kama bado una miguu njoo nikutukane mwenyewe. Kutukana kwa vidole vya watu hakuna ladha."

Nimesoma mpaka Shamte kaniuliza kama naumwa.

Athumani. Hajawahi kuniita jina langu. Mtani, chura, nazi, kibogoyo. Jina, kamwe.

Shamte kasema, "Mzee, nifunge? Mafundi wa Dar wanazima leo."

Muda ulikuwepo. Njia naijua sasa, herufi zote za B nazijua. Ningeweza kuchukua nakala mara ya tatu, databesi ni nyepesi, chai haiwi tayari. Ningempigia Tumu tukaliokoa neno hilo moja na kulipeleka kule likakae na wenzake.

Sikuchukua. Yale mengine aliyaandika mbele ya watu wote wa Mikokoni, ni ya wote. Hili kaniandikia mie, mahali panapozama.

Nimeliandika hapa ili mkono wangu uliguse. Hii si nakala.

Nimemwambia Shamte funga.

Ijumaa, 1 Agosti

Ya zamani haifunguki. Inakuja karatasi nyeupe yenye Kizungu. Nimeitazama kidogo. Hata mto ulituachia vigingi.

Nimeingia kwenye mpya. Kwanza nimeziandika salamu za yule mtu wa Kilwa, deni limelipika. Kisha, chini ya picha ya mchi, kwenye ule weupe, nimeandika: "Nimesikia. Nakuja. Miguu ipo, mmoja mzima na mmoja wa kuazima."

Mbagala wameanza mara moja. Mzee Athumani unamjibu nani? Mbona hakuna aliyekuandikia? Mwingine: mzee kazeeka, anaongea na picha.

Tumu kapiga. Mtoto kimya leo. "Babu, ule mlango ulifunga?"

Nilifunga.

"Babu."

Ulikuwa na ufa.

Kacheka taratibu, cheko la mtu mwenye mshono. Kasema nimsalimie.

Nimemwambia Sikudhani naenda Mbwera. Kaenda uchagani, kaniletea shada la mpunga wa mbegu, lile zuri lililopona moto. "Mtu hendi mikono mitupu, Baba."

Jumanne, 5 Agosti

Mbwera.

Boti ya Nyamisati ilikawia, tukangoja maji yajae vijitoni. Tumepita palipokuwa Mikokoni. Hapana kitu, maji tu, na ndege mmoja amesimama kwenye kigingi.

Nyumba ya Saidi haina shida kuiona. Bi Zuhura kakaa barazani juu ya jamvi, kapungua, macho yametazama kwingine. Sikutoa salamu, nilitaka kumtazama kwanza. Nikakohoa bila kutaka.

Kasema, "Umechelewa kama mjomba wako."

Nimekaa kitako.

Nimempa shada. Kalipapasa, kanusa, kasema mpunga wa Kibiti unanuka moshi wa magari. Vidole vyake vikafika kwenye flashi, ile ya kopo la tende, nimeifunga katikati kama ile ya kwanza. Kauliza hiki nini. Nikamwambia ni matusi yako yote. Kacheka bila meno, naye kumbe hana! Kamwita mkaza mwanawe. "Chukua mbegu hii, tundika uchagani."

Mkaza mwana kaingia nayo jikoni. Moto ulikuwa unawaka, kuni za mkoko, samaki wanakaangwa. Nimesikia anapanda kigoda kutundika.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Kanitukana mpaka adhana ya magharibi. Aliyoniita siyaandiki.

Boti inarudi Alhamisi. Sikuuliza Alhamisi ipi.